Msiniambie inawaka kwa mvuto mmoja

Dalali mmoja wa mashine za boti kule Tanga alinichefua juzi, na walionichefua zaidi ni watu wazima waliomzunguka wakitikisa vichwa kumkubali. Alikuwa na Enduro 40 ya Yamaha, ya mtumba, ameifunga kwenye stendi ya mbao, mguu wake umezama kwenye pipa la maji. Akavuta kamba, mashine ikaitika, moshi ukatanda, naye akatugeukia kama mtu aliyeshinda kesi: "Mashine ni kamba. Ikiwaka kwa mvuto mmoja ni nzima. Mengine ni maneno ya wasio na hela."

Ningempuuza kama maneno hayo yangekuwa yake peke yake. Hayapo kwake tu. Nenda Kunduchi utayasikia, nenda Kilindoni utayasikia, na wavuvi wa dagaa kule Ziwa Victoria wanayasema kwa lafudhi yao. Ni imani ya pwani na bara: mashine ya tustroki haina siri, vuta kamba, sikiliza mlio, hesabu pesa. Mimi nasema imani hiyo imewatia watu wengi hasara kuliko papa na kusi vikichanganywa.

Hebu tuulize kamba inapima nini hasa. Inapima kwamba plagi inatoa moto. Inapima kwamba petroli inafika. Inapima kwamba ringi bado zimebana kiasi cha kusukuma moto mmoja. Basi. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haijaulizwa kitu. Krenki iliyooza beringi itawaka kwa mvuto mmoja leo, kesho na keshokutwa, mpaka siku itakapoamua vingine, na siku hiyo haichagui kukufia gatini.

Watu wanasahau tustroki inavyoishi. Haina tangi la oili chini kama injini ya gari. Beringi za krenki na za konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, zinapata ule ukungu wa oili uliochanganywa na petroli tu, lita 1 kwa lita 50, na mwenye mashine akibana matumizi, oili ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Kuna wanaochanganya kwa macho, kwa kutazama rangi ya petroli kwenye chupa ya plastiki! Wengine hutia mafuta ya taa kwenye mashine isiyoundwa kwa mafuta ya taa, kisha humlaumu jini. Tena boti ikipinduka, mashine ikanywa maji ya chumvi, zile sindano ndogo za chuma ndani ya beringi huanza kutoboka kwa kutu. Fundi anakausha kabureta, anabadilisha plagi, anavuta kamba. Inawaka! Mwenyewe anaoga, anavaa, anamtafuta dalali.

Dawa ipo, na haihitaji maabara. Fungua hedi, pima stroki, yaani safari ya pistoni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kazi yenyewe haimalizi asubuhi. Toa plagi, legeza bolti za hedi kidogo kidogo kwa zamu ili isipinde, kwangua masizi juu ya pistoni. Kwenye mashine ya boti silinda zimelala, kwa hiyo usitafute juu na chini. Tafuta nje na ndani. Zungusha flaiwili kwa mkono hadi pistoni ifike mwisho wake wa nje, upande wa hedi. Chukua venia, kile kipimo cha fundi cha kusoma milimita, tia mkia wake mwembamba katikati ya pistoni, pima kutoka uso wa silinda. Zungusha hadi irudi mwisho wa ndani, pima palepale katikati, maana ukigusa pembeni pistoni hulala kidogo ikakudanganya. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Kama mwisho wa nje pistoni ilitokeza kupita uso wa silinda, hizo jumlisha. Umemaliza.

Enduro 40 ya silinda mbili, ile ya sentimita za ujazo 703, ina silinda ya milimita 80 na stroki ya milimita 70. Enduro 15, ya sentimita 246, ni 56 kwa 50. Sasa sikiliza kwa nini nang'ang'ania stroki na si upana wa silinda. Silinda inachongwa. Ikilika inapanuliwa, inatiwa pistoni kubwa zaidi, na muuzaji mjanja atakuambia mashine "imeongezwa nguvu". Stika nazo zinauzwa madukani kama peremende. Lakini stroki imo ndani ya krenki tangu kiwandani, haichongwi wala haibandikwi. Ukipima mashine yenye stika ya 40 ukakuta 61, unayotazama ni ya sentimita 496, ile familia ya 25 na 30, na bei uliyotajiwa ni matusi.

(Wajuaji watanikumbusha kwamba 9.9 na 15 za Yamaha zina upana wa silinda uleule na stroki ileile, tofauti iko kwenye upumuaji, kabureta hasa. Najua. Hapo fungua kabureta. Nani alikwambia ukinunua mashine unafungua kitu kimoja tu?)

Na uzuri wa kufungua hedi ni kwamba ukishafika hapo, krenki inaanza kukutolea habari zake zote. Sogeza pistoni hadi nusu ya safari, kisha chezesha flaiwili kulia na kushoto, kidogo sana. Pistoni ifuate papo hapo. Ikisubiri kwanza ndipo ifuate, beringi ya konrodi imekwisha. Usijadiliane bei, vaa viatu. Usichanganye hilo na konrodi kuteleza kiubavu kwenye krenki, hiyo imeachiwa nafasi yake kwa makusudi. Halafu linganisha pistoni mbili zikifika mwisho wa nje kwa zamu. Kama moja inaishia ndani kuliko mwenzake, konrodi imepinda, na mara nyingi kilichoipinda ni maji yaliyoingia silindani mtu akalazimisha kamba. Stroki hapo itasoma 70 vilevile, ndiyo maana unalinganisha na mwisho wa nje, si tofauti peke yake. La tatu: kwenye mashine hii pistoni moja ikiwa mwisho wa nje, ya pili lazima iwe mwisho wa ndani. Krenki za tustroki hizi hazikumiminwa kipande kimoja, zimeunganishwa kwa kushindiliwa vipande, na zikipata kipigo huweza kujisokota kwenye viungo. Vitabu vya mafundi vya injini nyingi za aina hii vinataka krenki isiyumbe zaidi ya milimita 0.03. Muulize dalali wa kamba moja kama anaisikia hiyo kwa sikio.

Kuna hoja wanayonitolea kila ninapolisema jambo hili, nayo ni kwamba mashine ikifunguliwa imeshaharibika, hairudi kama mwanzo. Nimeisikia hadi kwa mafundi wenye mvi. Kwa hesabu hiyo Wajapani waliikuta imefungwa tayari, imeshuka kutoka mbinguni na gasketi yake. Unataka kutoa mamilioni ya shilingi, halafu unaogopa gharama ya gasketi ya hedi! Inunue wewe mnunuzi, uje nayo mfukoni, muuzaji akose la kusema.

Wa geji ya kompresheni nao nimewachoka. Geji ni nzuri kwa ringi na silinda, si kwa krenki, na hata hapo hudanganywa. Kumimina oili kijiko kimoja ndani ya silinda kunapandisha mshale wake, na wauzaji wanalijua hilo tangu utotoni, kama wanavyojua kuipasha mashine moto alfajiri kabla hujafika ili ikuitikie kwa heshima.

Shemeji yangu wa Kilwa Kivinje alinunua 40 kwa imani hii ya kamba. Iliwaka vizuri, nakiri, iliwaka kama kengele ya shule. Msimu wa kusi ulipokolea, karibu na Songo Songo, konrodi ilikatika ikatoboa ukuta wa injini. Walichukuliwa na mkondo hadi wenye jahazi wakawavuta. Tulipoifungua, beringi ya chini ilikuwa na vishimo vya kutu vya zamani, si vya wiki ile wala mwezi ule. Aliyemuuzia alisema neno moja tu: "Si iliwaka?" Na tajiri aliyemkopesha pesa za mashine hakutaka kusikia habari za beringi. Alitaka mgao wake wa samaki kama walivyokubaliana, akaendelea kuudai mashine ikiwa imelala uani imefunikwa gunia.

Hii ni nchi ambayo mtu hanunui simu ya laki mbili bila kubonyeza *#06# na kuikagua namba yake. Anaigeuza, anatazama kioo dhidi ya jua, anampigia binamu yake kupima sauti. Mtu huyohuyo anapeleka roho yake na za mabaharia wanne kwenye mkondo wa Pemba kwa ushahidi wa mvuto mmoja wa kamba.

Na wagombea wetu nao! Kila kampeni mashine zinagawiwa, picha zinapigwa, mvuvi anashikishwa kamba mbele ya kamera. Sijawahi kumwona mgombea akigawa venia. Boti nyingi zingekuwa zinaelea leo kama kila gati lingekuwa na venia moja isiyofungiwa kwenye sanduku la fundi, na kijana mmoja aliyefundishwa kuisoma. Lakini venia haina mlio wala moshi, haifai kwa picha.

Marekani na Ulaya wamebana kanuni za moshi, tustroki za kabureta zimesukumwa nje ya masoko yao, na sisi huku tutaendelea kuzitegemea miaka mingi kwa kuwa ni nyepesi na kila fundi wa pwani anazijua. Mitumba itaendelea kushushwa. Kwa hiyo wewe unayeweka akiba ya samaki ununue mashine, nenda na venia, gasketi na karatasi yenye namba za kiwandani za mashine unayoitaka. Mwambie muuzaji afungue hedi mbele yako. Akikataa, au akianza kukuvutia kamba badala ya kujibu, panda daladala urudi na pesa yako.