Unataka nyumba Shanty Town? Kibo baadaye, hati kwanza!

Wiki hii tunapanda Moshi. Naona watoto wa mjini siku hizi, wakishashika vijisenti, hawataki tena kusikia habari za Mbezi wala Kimara. Joto limewachosha, foleni ndiyo usiseme. Wanataka Shanty Town.

Mgeni akisikia jina hilo anadhani anapelekwa kwenye vibanda vya mabati. Thubutu! Pita Lema Road uone: miti mikubwa, nyumba za zamani zenye baraza, na viwanja ambavyo mtu wa Dar angebananisha nyumba nne. Mji huu wa Moshi ulishika kasi baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Kahawa ikaleta noti, KNCU ikaanzishwa mwaka 1933. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko jirani tu. Na asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, Kibo huyo hapo, mita 5,895, mweupe pee!

Sasa hapo ndipo dalali anapokukamata. Anakupeleka saa moja asubuhi, mlima uko wazi, unadata, unatoa "advansi" hata chooni hujaingia. Dawa yake ni moja: rudi mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Mvua haijui kuzuga. Utaona ukuta unaotoa jasho na dari lililochorwa ramani. Gonga fremu za milango usikie kama mchwa wameshakula. Nyumba kongwe ina nyaya kongwe na shimo kongwe la maji taka, na vyote hivyo ni mkwanja wako.

Lakini bati linabadilishwa. Karatasi mbovu ndiyo itakayokulaza macho.

Kwanza, hapa kwetu ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Unachonunua ni haki ya kukaa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Nyumba ya siku nyingi inaweza kuwa na hati iliyobakiza miaka ya kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo soma tarehe! Kisha nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukapekue. Jina ni la nani? Imewekwa rehani benki? Kuna zuio? Uliza na deni la pango la ardhi. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, lakini pango ni habari nyingine. Na barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haihamishi hati, hata iwe na mihuri kumi.

Pili, muulize baba mwenye nyumba: "Shikamoo mzee, mama yuko wapi?" Usione aibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama asaini, tena mbele yako.

Tatu, na hapa ndipo vilio vilipo. Nyumba nyingi za namna hii zinauzwa wazee wakishafariki. Watoto wametawanyika, huyu Dar, yule Ulaya. Kaka mmoja anashika funguo na kutafuta mteja haraka haraka, wakati dada aliyemuuguza mama bado analala chumba cha nyuma. Kuwa kaka mkubwa hakumpi mtu haki ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua hiyo, halafu kaa na wote, hata kwa simu, uwasikie kwa masikio yako.

Dalali atasema unachelewesha, kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwache aje! Miaka kumi ya kubana matumizi haiwezi kwenda kwa sababu ya jioni moja. Na hata ukishinda kesi, utakunywaje chai barazani wakati mtu analilia kitanda chake getini?

Nunua nyumba, ndugu yangu. Usinunue machozi ya watu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.