Kabla Fundi Hajatoboa Kataliti Yako, Mwambie Apime

Kuna sentensi moja ambayo ukiendesha gari hapa Nakuru lazima siku moja utaisikia: "Bosi, hii kataliti imeziba. Wacha tuitoboe." Inasemwa haraka, fundi akiwa bado amelala chini ya gari, hata boneti hajafungua. Na wewe, kwa sababu gari haivuti na kesho una safari ya Eldoret, unasema sawa. Nusu saa baadaye, mtarimbo na nyundo vimeshafanya kazi, paipu imechomelewa, gari inanguruma mtaa mzima, na lile sega la ndani limeenda. Limeenda wapi? Tutafika hapo.

Msimamo wangu ni huu: kataliti isitobolewe kabla ya kupimwa, na hata ikipimwa ikapatikana imeziba, dawa ya kwanza si kuitoboa. Najua kuna mafundi watanitukana kwa hii posti. Karibuni.

Kwanza tuelewane. Kataliti ni ile chupa ya chuma kwenye paipu ya moshi, kati ya injini na sailensa. Gari nyingi ndogo za siku hizi zinayo karibu kabisa na injini, imeunganishwa na manifoldi. Ndani kuna kitu kama sega la nyuki, kwa kawaida la udongo wa seramiki, lenye vitundu vidogo vidogo vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita hapo, ile gesi ya kaboni monoksidi inayoua watu wakilala na jiko la makaa ndani inageuzwa kuwa kaboni dioksidi. Petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuungua. Oksidi za nitrojeni zinavunjwa. Ili kazi hiyo ifanyike lazima sega liwe na joto, kama digrii 400 kwenda juu. Ndiyo maana gari ya kuzunguka tu kutoka Section 58 hadi mjini na kurudi, kila siku, injini haijapata joto vizuri, inachafua kataliti haraka kuliko gari ya safari ndefu.

Sasa dalili. Ikiziba kweli, gari inakosa pumzi. Inawaka, inanguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini ukikanyaga mafuta haipandi, kama mtu anayekimbia akiwa amezibwa pua na mdomo. Kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyozidi kukataa. Sakafu ya gari inapata joto lisilo la kawaida. Ukigonga ile chupa kwa ngumi, gari ikiwa imepoa tafadhali, unasikia vipande vinacheza ndani. Wakati mwingine kuna harufu ya mayai yaliyooza.

Shida ni kwamba karibu dalili hizi zote zina mama wengine. Gari kukosa nguvu ni plagi, ni koili, ni pampu ya mafuta, ni chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya Mau Narok, ni gia inayoteleza. Na hapa kwetu kuna sababu nyingine ambayo video za Marekani na Uingereza hazikwambii: tuko juu. Nakuru iko karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Hewa tunayopumua sisi na injini zetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Ukipanda Sachangwan kuelekea Mau Summit, halafu Timboroa ambako ni zaidi ya mita 2,700, umepoteza zaidi ya robo ya hewa. Gari ya cc 1,300 isiyo na turbo, imebeba watu watano na gunia la viazi buti, itachoka hapo. Lazima. Hiyo si kataliti, hiyo ni fizikia. Nimeona watu wakitobolewa gari kwa sababu ya mlima.

Halafu kuna mashine. Fundi anachomeka mashine, inatoa kodi P0420, anakugeuzia simu uone: "Si umeona? Kataliti." P0420 inasema kataliti haisafishi moshi kwa kiwango kinachotakiwa. Haisemi imeziba. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kataliti inaweza kuwa imechoka, haisafishi tena, na moshi bado unapita vizuri, gari inavuta kama kawaida. Na inaweza kuwa imeziba kabisa bila hiyo kodi kutokea. Tena kodi hiyo hiyo inaweza kuletwa na senza ya oksijeni ya nyuma iliyozeeka, au paipu iliyopasuka kabla ya senza ikawa inavuta hewa ya nje. Kwa hivyo mtu akikutobolea gari kwa ushahidi wa P0420 peke yake, amekisia.

Kipimo cha kuziba kipo na ni rahisi mpaka inauma. Unafungua senza ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya kataliti, injini ikiwa imepoa. Kwenye lile tundu unafunga geji ya presha. Unawasha gari. Ikiwa imesimama tu, presha inafaa kuwa chini ya kama PSI 1.5. Ukipandisha resi mpaka 2,500, isizidi kama 3. PSI ni zile zile za tairi, kwa hivyo hata wewe mwenyewe utasoma. Ikiruka ikaenda 5, 8, na inazidi kupanda, sawa, kuna kitu kimeziba huko nyuma. Hapo unalegeza kiungo cha baada ya kataliti na kupima tena, kwa sababu hata sailensa inaweza kuziba ikiwa sahani za ndani zimeanguka. Hakuna uchawi hapo. Dakika ishirini, labda thelathini kama bolti imeshika kutu.

Kama fundi hana geji, aondoe senza hiyo ya mbele, waya aziweke mbali na moto, muendeshe gari mwendo mfupi. Itapiga kelele, watu watawaangalia, vumilieni. Kama nguvu imerudi ghafla, moshi ulikuwa umefungiwa. Kama gari bado ni ile ile, tafuteni shida kwingine na muache kataliti ya watu.

Wengine wanatumia geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Iko sawa, lakini tahadhari: namba za kwenye vitabu, inchi 17 hadi 21 za zebaki, ni za usawa wa bahari. Kila futi elfu moja unayopanda, toa kama inchi moja. Nakuru ni kama futi elfu sita. Yaani injini nzima kabisa hapa itasoma kama 13 au 14, na fundi aliyekariri video atakwambia injini imekufa. Unachoangalia ni kama mshale unaendelea kushuka polepole ukishikilia resi 2,500. Ukishuka hivyo, moshi hautoki.

Jirani yangu ni dereva wa teksi, anaishi Free Area. Gari yake ilianza kushtuka-shtuka na kukataa kupanda. Gereji moja, sitaitaja, ikamtobolea asubuhi hiyo hiyo. Alilipia kazi, akalipia kuchomelea, akalipia na "kufuta kodi". Akaondoka na kelele. Nguvu haikurudi. Siku ya tatu taa ya injini ikawaka tena, safari hii ikipepesa. Fundi mwingine akaangalia juu badala ya chini: koili ya silinda ya tatu ilikuwa imekufa. Ikabadilishwa, gari ikapanda mlima. Kataliti yake ilikuwa nzima muda wote. Alipouliza sega lake liko wapi, aliambiwa lilikuwa takataka, lilitupwa.

Takataka gani? Yale madini matatu niliyotaja hapo juu, hata yakiwa gramu chache tu, ndiyo sababu watu wananunua kataliti zilizokufa. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda mpaka zaidi ya mara kumi ya dhahabu. Imeshuka tangu wakati huo lakini bado ni mali. Kwa hivyo fundi anayekushauri utoboe anaweza kuwa anakushauri kama daktari ambaye pia ana duka la kununua figo. Sisemi wote. Ninajua mafundi wa jua kali hapa Nakuru wanaofungua, wanakuonyesha, wanakurudishia mkononi kwenye mfuko. Lakini wewe uliza kabla kazi haijaanza: "Sega langu narudi nalo?" Jibu litakuambia mengi.

Tuseme sasa imepimwa na kweli imeziba. Swali linalofuata ni nani aliyeiua, kwa sababu kataliti haijiui. Mara nyingi ni silinda isiyowaka vizuri. Petroli mbichi inaingia kwenye sega na kuungulia huko, joto linapanda mpaka seramiki inayeyuka na kuwa bonge. Ndiyo maana taa ya injini ikipepesa, badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na utafute fundi leo. Muuaji mwingine ni injini inayokula oili. Kama unaongeza lita kila wiki mbili, hiyo oili inapitia kwenye moshi na kupaka sega. Maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda kwa sababu ya gasketi iliyochomeka ni hivyo hivyo. Na kuna mafuta yaliyochanganywa na mafuta taa, ugonjwa wetu wa kitaifa, mpaka serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili wachanganyaji wakose faida. Ukifunga kataliti mpya bila kumshika muuaji, umemletea chakula kingine.

Kuhusu zile dawa za mitandaoni: kumwaga thina kwenye tangi, kulowesha kataliti kwenye maji ya sabuni ya kufulia usiku kucha. Wenzangu wa kutengeneza kontenti, manze, tuwe na huruma. Kama ni masizi mepesi, safari ya barabara kuu, Nakuru kwenda Naivasha kwa mwendo wa kisheria injini ikiwa na moto, inaweza kuyachoma bila kumwaga chochote. Kama sega limeyeyuka, hakuna sabuni itakayofungua vitundu ambavyo havipo tena. Thina inaweza kula mipira ya mfumo wa mafuta, na sasa una shida mbili.

Kinachobaki ni kununua nyingine. Hapo ndipo watu wanaponiuliza, kwani mimi nina pesa ya kuchezea? Hapana, najua bei ni chungu. Gari zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa na miaka saba, mwisho wa kuingiza ni nane, kwa hivyo kataliti inafika ikiwa imeshakula maisha yake. Lakini kuna za mtumba kutoka Japani unazoweza kupima kabla ya kulipa, na kuna zile mpya zisizo za kampuni ya gari, nyingine nzuri nyingine bure kabisa. Ile nyepesi kama kopo la maziwa, iache dukani. Ya zamani usiitupe, iuze mwenyewe, ikupunguzie gharama.

Na kama utaamua kutoboa hata baada ya haya yote, angalau jua unachotoa. Kenya iliacha petroli yenye risasi Januari 2006. Risasi ilikuwa inaharibu akili za watoto, na pia ilikuwa inaua kataliti, kwa hivyo bila kuiondoa hizi chupa zisingefanya kazi hapa. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha, na tangazo lilitolewa Agosti 2021 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, makao yake yako Gigiri hapo Nairobi. Miaka ishirini dunia imepigania mafuta yawe safi ili kataliti iweze kukaa kwenye gari, halafu sisi tunaiondoa kwa mtarimbo.

Simama pale steji ya matatu saa kumi na mbili jioni, magari yamepangana yakinguruma, mama anauza mayai na smoki katikati yake, mtoto mgongoni. Tuko kwenye bonde, Menengai upande huu, ziwa upande ule. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021 na magari yanaongezeka kila mwezi. Na paipu iliyochomelewa vibaya ikivuja chini ya sakafu, ile kaboni monoksidi ambayo haijageuzwa inaingia ndani ya gari yako mwenyewe, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi ya Molo.

Mafundi wenye geji ya presha hapa Nakuru, acheni jina la eneo lenu kwenye komenti na mseme mnatoza ngapi kupima peke yake, bila kutoboa. Nitaweka orodha juu ya ukurasa.