Tusiwafunge Midomo Wanaosimulia

Mwezi Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, huko Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi. Walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri aliyepinga shule na hospitali. Walionusurika walisimulia kwamba walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Mafundisho hayo yalitolewa kwa Kiswahili hiki hiki tunachohubiria sisi.

Mimi nami nilipanda mimbarani nikalaani. Washarika wakaitika amina, tukarudi nyumbani tumeridhika, kwa sababu aliyelaaniwa alikuwa mtu wa mbali. Nabii Nathani hakufanya hivyo mbele ya Daudi. Alimsimulia habari za maskini na mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake kabla hajajua kwamba habari ile ni yake. Ndiyo maana nasema, na baadhi yenu mtachukizwa: mbele ya imani iliyogeuka kuwa ukatili, watunzi wa hadithi na maigizo wanafanya kazi iliyotushinda sisi wachungaji, na kanisa, badala ya kuwashukuru, linawafunga midomo.

Mtazameni Nuruddin Farah, mwandishi wa Somalia, mzaliwa wa Baidoa. Januari 2014 ndugu yake wa kike, mtumishi wa UNICEF, aliuawa katika shambulio la Taliban kwenye mgahawa mjini Kabul. Angeandika matusi matupu, nani angemlaumu? Mwaka 2018 alitoa riwaya ya North of Dawn, inayomhusu baba Msomali anayeishi Oslo, ambaye mwanawe amejilipua huko Somalia. Baba anashindwa hata kumlilia. Lakini mama alikuwa amemwahidi kijana kwamba familia yake itatunzwa, basi mjane na watoto wanaletwa kwao. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na wengi wenu hamtakiona, ila swali lake mnalielewa: mzazi afanye nini na mtoto aliyeua kwa jina la Mungu? Mahubiri yangu hayakuwa na nafasi ya mzazi huyo.

Hapo mtaitika tena amina, maana kijana huyo ni Mwislamu. Hapa Singida ukoo mmoja una Hamisi na una Yohana, na wote hukaa kwenye msiba mmoja, lakini tumezoea kudhani kwamba ukali wa dini ni ugonjwa wa upande wa Hamisi. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya Wakristo waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wao walikuwa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, na kundi lao lilijiita kwa jina la Amri Kumi za Mungu. Waumini walizuiwa kuzungumza, wakawa wanaelezana kwa ishara, eti wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Ndiyo ile Amri ya Nane wanayoikariri watoto wetu wa kipaimara! Mtu aliyenyang'anywa maneno hawezi hata kuuliza watoto wa jirani wamekwenda wapi.

Na sisi Walutheri tusijitenge sana. Wale waliokwenda Loliondo mwaka 2011, wengine wakiwatoa wagonjwa wao hospitalini, walipewa kikombe na mchungaji mstaafu wa KKKT. Simfananishi mzee yule na wauaji. Nakumbusha tu.

Sasa ya kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja niliohudumu, binti mmoja wa umoja wa vijana aliandika igizo. Mama wa kwaya anaacha sindano zake za kisukari kwa kuwa mhubiri wa kwenye simu amemwambia dawa ni kukosa imani. Katika onyesho la tatu yuko kitandani, na wanakwaya wenzake wanaimba badala ya kutafuta gari. Kila mtu alijua kwamba huyo ni shangazi ya binti, tuliyemzika sisi wenyewe mwezi wa Februari, watu wakiwa kwenye palizi ya alizeti. Wazee wakasema igizo linaiaibisha nyumba ya Mungu, vijana waimbe tu. Mimi nilikuwapo. Nilinyamaza, nikafunga kikao kwa sala.

Hoja ya wazee haikuwa ya kijinga. Wako watunzi wanaoandika ili mtumishi wa Mungu achekwe: mchungaji mlevi, mchungaji mzinzi, basi. Nimesoma mengi ya namna hiyo, yananichosha. Lakini binti yule hakumdhihaki mtu. Sala za shangazi yake aliziandika kwa uzuri na ukweli kiasi kwamba unaposoma unaanza kumwamini yule mhubiri. Hilo ndilo lililowatisha wazee, na mimi pia.

Siku hizi nahudumu usharika mwingine. Binti anauza vitunguu mjini Singida, na daftari lake bado analo. Nimemwomba radhi. Nimemwomba pia igizo lichezwe na vijana wetu, ndani ya kanisa, si nje uwanjani, na onyesho la tatu lisikatwe. Amekubali kwa sharti moja, kwamba mchungaji awe miongoni mwa wale wanaoimba pale kitandani. Mazoezi ni Alhamisi jioni, baada ya kwaya.