KIPOFU NA KIONGOZI WAKE WASIZUIWE MLANGONI



Liko jambo ambalo wengi wetu hulitenda kwa amri ya matajiri, kisha lawama zikatuangukia sisi. Kipofu afika kwenye gari hapa Bondeni, ameshikwa mkono na mtoto. Kondakta adai nauli mbili. Akifika mlangoni pa hoteli aambiwa, "Ombaomba hawaingii." Hakuomba kitu! Ana fedha zake, ataka chai.

Matajiri husema wapo wajanja wanaojifanya vipofu. Ni kweli wapo, nasi tumewaona. Lakini mtu mmoja akipanda gari la moshi bila tikiti, je, abiria wote hushushwa?

Huko Marekani wako vipofu wanaoongozwa na mbwa aliyefundishwa kazi hiyo. Wenye mbwa wa nyumbani tu wakaanza kudanganya ili waingie nao madukani. Mwaka 2015 jimbo la Florida likatunga sheria: mdanganyifu ashtakiwe, na aweza kufungwa hadi siku 60. Aliyebanwa ni mwongo, si kipofu. Mlinzi wa mlango ana ruhusa ya maswali mawili tu: Mbwa huyu ni wa lazima kwa ajili ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Hadai cheti, wala hatozi malipo ya mbwa. Mbwa akifanya fujo na mwenyewe asimzuie, hapo hutolewa.

Kwetu mbwa wa namna hiyo ni nadra. Kiongozi ni mtoto, au fimbo nyeupe. Na siku mbwa akija, twajua ndugu zetu Waislamu watajihadhari na mate yake kwa ajili ya sala. Ni haki yao, wakae mbali naye. Lakini kujihadhari si kumfukuza kipofu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mlemavu haki ya kufika mahali pa watu wote na kupanda magari ya abiria. Sheria ya mwaka 2003 ilikataza kumzuia mtu mlangoni kwa sababu ya ulemavu peke yake. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pake. Ni tajiri gani aliyetusomea hata moja? Kipofu akishtaki, atasema, "Ni yule karani wa mlangoni."

Basi twadai amri iandikwe kwa Kiswahili na kutundikwa ukutani, kiongozi wa kipofu asitozwe nauli, na mfanyakazi atakayewaingiza asikatwe mshahara. Wajumbe, litieni jambo hili katika mapatano yajayo na matajiri.