Bumu letu, maiki yao na trei za mayai

Nimepotea wiki mbili, test zilitubana. Leo sina habari za lekcha wala foleni ya kantini. Leo nina hasira, na ni hasira ya hela.

Mnajua mimi na mshkaji wangu wa chumbani tulikuwa na ndoto ya kurekodi. Yeye anaimba, mimi napiga gitaa la kubahatisha. Bumu la muhula uliopita lilipotoka tukachanga, tukaenda mjini, tukarudi na maiki ya kondensa ya laki tatu na ushee. Muuzaji alisema, "Bila kondensa huna studio, mdogo wangu." Tukaamini. Mwezi mzima mchana ugali maharage, usiku uji.

Kufika geto, kumbe maiki inataka umeme wa volti 48, na tundu la laptopu halitoi umeme huo. Tukaazima saundi kadi. Tukabonyeza rekodi. Tulisikia feni, bodaboda, mama mwenye nyumba akigombana na kuku wake, na sauti ya mshkaji kama yuko ndani ya pipa!

Sasa nasema wazi: anayemwambia mwanafunzi mwenye geto la bati na sakafu ya sementi aanze na kondensa, anamwibia. Kondensa si mbaya. Ina masikio makali, ndiyo maana studio kubwa zinaipenda, kwa sababu chumba chao kimetengenezwa kikawa kimya. Wazee wa Mlimani Park walirekodi pale Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na nyimbo zile bado tunazicheza harusini. Walikuwa na chumba cha kazi hiyo. Sisi tuna kuta tupu, kila neno linagonga na kurudi.

Kwetu sisi inafaa maiki ya dainamiki. Haina muujiza wowote. Si nyepesi kunasa vya mbali, kwa hiyo unaisogelea vidole vitatu vinne, sauti yako inazidi ya chumba. Basi.

Najua mtasema dainamiki ni ya MC na wachungaji. Nani kasema? Sauti ya Michael Jackson kwenye Billie Jean, albamu ya Thriller ya 1982, ilirekodiwa kwa Shure SM7, na hiyo ni dainamiki. Sisemi mkanunue hiyo, bei yake si ya bumu. Nasema aina yenyewe haina aibu. Shure SM57 ipo tangu 1965 na mpaka leo studio kubwa zinaiweka mbele ya gitaa na ngoma. Ila macho wazi, feki zimejaa.

Halafu trei za mayai! Jamani, nani alituroga? Unazibandika ukuta mzima, unaona umemaliza. Hazizuii kelele kuingia wala kutoka. Zinapunguza kidogo ule ukali wa juu tu, besi inapita kama haijaona kitu. Na zikishika moto, umehama. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, maana maiki inatazama upande huo. Tundika blanketi zito pembeni, fungua kabati la nguo, zima feni, rekodi usiku wa manane. Gharama yake? Sifuri.

Kama hela ni ya mawazo, mimi ningeipanga hivi. Kwanza saundi kadi yenye tundu moja au mawili ya maiki, yenye nguvu ya kutosha, maana dainamiki inahitaji kusukumwa. Pili hedifoni za kufunika sikio lote, ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Tatu maiki yenyewe, na stendi na waya. Programu isikutoe jasho: Audacity ni ya bure tangu 2000, na leseni ya punguzo ya Reaper ni dola 60. Spika za monita ziwe za mwisho kabisa, kwenye chumba kitupu zitakudanganya tu.

Mtaniambia naua ndoto za watu. Hapana. Ndoto inauawa na yule anayekufanya uamini huwezi kuanza bila kitu cha kwenye picha. Sisi wa ualimu tunafundishwa kufaraguza zana kutokana na mazingira. Kizibo cha soda kinafundisha hesabu. Mwalimu anayesubiri maabara ya Ulaya hafundishi mpaka anastaafu. Kwa nini kwenye muziki tusahau?

Juzi tuliazima dainamiki ya kwaya, tukasimamisha godoro, tukarekodi saa nane usiku. Mshkaji alijisikiliza, akanyamaza, akasema, "Kumbe naweza kuimba." Miezi mitatu alidhani tatizo ni koo lake. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko laki tatu.

Kondensa yetu inauzwa. Mwenye chumba kimya anitafute. Unayekaa geto la bati kama sisi, usije, sikuuzii.

Alamsiki.