Kusoma Kimoyomoyo Si Mazoezi

Kuna mtu anayesoma hapa ambaye Jumamosi atasimama mbele ya chama chake kusoma hesabu. Mwingine ameitwa mahojiano ya kazi kwa Zoom. Wengi watajiandaa vile sisi tulikuwa tunajiandaa: kupitisha macho kwa karatasi usiku, kutikisa kichwa, kulala. Hayo si mazoezi, bana. Ni kusoma tu.

Sisi tulifundishwa na soko. Mwaka jana tulienda kuwaonyesha kina mama mboga jinsi ya kupata taarifa ya malipo kwa simu. Ofisini tulikuwa tumerudia mara tano, intaneti safi, kila mtu ametulia kwa kiti chake. Kule jua lilipiga skrini hadi haikuonekana, gari la matangazo likapita, halafu mama mmoja akainua kabambe yake akauliza, "Na sisi wenye hizi?" Tulikuwa tumejiandaa kwa programu ya simu janja pekee. Ile njia ya kubonyeza nyota na namba tunaijua hata usingizini, lakini hatukuwahi kuieleza kwa mdomo. Tukababaika mbele ya watu walioacha vibanda vyao kutusikiliza. Wawili waliondoka, na hatuwalaumu. Saa moja ya mama mboga ni pesa.

Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi tukiwa tumesimama, kwa sauti, simu ikirekodi. Kusikia sauti yako mwenyewe ni adhabu, tunajua. Lakini kusema huchukua muda mrefu kuliko kusoma kimoyomoyo, na hutajua umepitisha dakika zako hadi uzihesabu.

Kwa mweka hazina, faida ni kubwa zaidi. Jaribu kusema: "Tulichanga shilingi 48,000, tukakopesha 30,000, zimebaki 17,500." Mdomo wenyewe utakwama kwa hizo 500. Pengine ni ada za kutuma na kutoa ambazo hukuandika. Heri ukwame jikoni mbele ya dada yako kuliko mbele ya wanachama 20, kwa sababu huko hakuna atakayesema umesahau. Watasema umekula.

Na huyo msikilizaji asiwe mtu anayejua kila kitu tayari. Sisi tunamtumia mlinzi wa lango la ofisi. Haogopi kutuambia hajaelewa.

Kama ni mtandaoni, fanya mazoezi kwa simu ileile, mahali palepale, saa ileile. Ukijaribu saa nne usiku nyumba ikiwa kimya, hutajua kwamba saa nne asubuhi jirani huwa anachomelea vyuma. Angalia bando. Kumbuka mkutano wa Zoom wa akaunti ya bure hukatika baada ya dakika 40, na simu ikipigwa katikati inaweza kukuharibia sauti. Kuna jambo moja watu husahau: ukionyesha skrini ya simu, ujumbe unaoingia unaweza kuonekana na wote, hata ule wa malipo wenye salio lako. Zima arifa kwanza, na usiwahi kuandika nambari ya siri wakati skrini iko wazi kwa wengine. Ikiwa mtu usiyemjua ndiye anakuomba uonyeshe skrini huku ukifungua akaunti yako ya pesa, hapo huhitaji mazoezi. Kata simu.

Wapo wanaosema mazoezi mengi humfanya mtu asikike kama kasuku. Ni kweli, kama unakariri kila neno. Sisi hukariri sentensi ya kwanza na tarakimu, basi. Mengine tunayasema tofauti kila mara.

Tulirudi kwa soko lile wiki tatu baadaye, na kabambe mbili mfukoni. Safari hii yule mama aliuliza afanye nini akituma pesa kwa namba isiyo sahihi. Mlinzi wetu alikuwa ametuuliza swali hilohilo jioni iliyotangulia.