Kwani Shukrani Ina Foleni?

Kosa la Zhou Yang mwaka wa 2010 lilikuwa moja tu: aliwashukuru wazazi wake. Mimi hadi leo sijaliona hilo kosa.

Alikuwa na miaka 18, mtoto wa Changchun, kaskazini mashariki mwa Uchina, kutoka familia isiyojiweza. Kule Vancouver aliingia fainali ya mita 1500, mbio za barafuni za mzunguko mfupi. Wakorea walikuwa watatu, yeye Mchina peke yake. Kama hujawahi kuutazama huu mchezo, kiwanja chenyewe ni kidogo, mzunguko mmoja haufiki hata mita 112, na watu wanakimbizana bega kwa bega juu ya viatu vyenye visu. Watatu wa timu moja wakiamua kukubana, umekwisha. Zhou akachomoka, akashika usukani na hawakumfikia tena. Dakika 2, sekunde 16.993, rekodi ya Olimpiki.

Alipoulizwa, akawataja baba na mama. Akasema anatumaini medali ile itawapunguzia ugumu wa maisha. Basi.

Mwezi Machi, kwenye kikao cha kisiasa Beijing, akasimama Yu Zaiqing, naibu mkuu wa idara ya michezo ya serikali na wakati huohuo mmoja wa makamu wa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ati kuwashukuru wazazi si vibaya, lakini nchi ndiyo hutangulia. Wachina wenyewe walimkalia mtandaoni, na walifanya vizuri. Ila baadaye Zhou akasikika akitoa shukrani upya, safari hii orodha ikianzia kwa nchi, na wazazi wamesukumwa hadi mkiani.

Najua mtakavyonijibu. Serikali ndiyo iliyojenga viwanja vya barafu, ikalipa makocha, ikamlisha. Ni kweli, na sitajifanya sioni. Bila mfumo ule wa shule za michezo, mtoto wa nyumba kama ile angepata wapi barafu ya kufanyia mazoezi kila siku? Lakini nchi ilishalipwa pale pale uwanjani, bana. Bendera yake ilipandishwa, wimbo wake ukapigwa, dhahabu ikaandikwa kwa jina lake. Wazazi hawana wimbo unaopigwa. Wana mdomo wa binti yao tu, na huo nao ofisa anautaka.

Halafu kuna lile la pesa, ambalo nadhani ndilo lililomkera mkubwa zaidi. Msichana alisema hadharani kwamba kwao wana shida. Nani kati yetu, aliyepata mshahara wa kwanza, hakuwaza kwanza kodi ya nyumba ya mathe au paa la nyumbani? Huo si ubinafsi wala kukosa uzalendo. Kinachoaibisha ni kwamba bingwa wa dunia nzima anatoka nyumba inayohesabu senti, na aibu hiyo si ya bingwa.

Na kama mtu alihofu kwamba binti anayewapenda wazazi wake ataisahau nchi, atazame yaliyofuata. Sochi 2014, Zhou alishinda tena mita 1500, mwanamke wa kwanza kuitetea dhahabu hiyo. Pyeongchang, tarehe 9 Februari 2018, ndiye aliyebeba bendera ya Uchina kwenye ufunguzi.

Usiku huohuo bendera yetu ilibebwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, mwanamichezo pekee wa Kenya pale. Theluji aliijulia kwa baba yake wa kambo. Sasa huyo naye, angeshinda, wangempangia foleni ya shukrani ianzie kwa nani?